Tunapokwenda kwa mwanasaikolojia tutarajie nini?

 

Ndugu msomaji, Ijumaa moja baada ya swala alituvuta kando mzee wetu mmoja wa Ngamiani hapa Tanga, mwalimu wa madrasa ambaye vijana wengi wa barabara zile wamesomeshwa alifu na yeye. Mkewe alikuwa amefariki miezi saba nyuma. Tangu siku hiyo usingizi ulimhama na chakula hakikupita. Jambo lililomuuma kuliko yote ni kwamba alipotangulia kuswalisha alisahau amefika rakaa ya ngapi, hata akaacha kutangulia, akawa anajificha safu ya nyuma. Daktari aliyempima presha na sukari hakuona kitu, akamwandikia karatasi ya kwenda kumwona mwanasaikolojia. Karatasi hiyo alikuwa ameikunja mara nne na kuificha ndani ya kofia yake. Hakutuuliza kama aende au asiende. Alituuliza: "Nikifika huko, nitaulizwa nini?"

Tunakiri kwamba siku ile hatukuwa na jibu. Ilitubidi kuuliza kwa wanaojua, kisha tukamsindikiza mzee wetu hadi mlangoni, naye kwa hiari yake akatusimulia yaliyopita ndani na kuturuhusu kuyaandika bila ya jina. Tumeona tuyaweke hapa, kwani hapana shaka karatasi za namna ile zimo ndani ya kofia nyingi na chini ya magodoro mengi, kutoka Horohoro hadi Pangani.

Kwanza tuseme hofu hii imetoka wapi, maana haikuanguka kutoka mbinguni. Nchini mwetu neno la ugonjwa wa akili kwa muda mrefu limekuwa na maana moja tu, nayo ni Mirembe, hospitali ya Dodoma iliyofunguliwa mwaka 1927, ambayo jina lake limegeuzwa kuwa tusi la mtaani. Sisi wa mkoa wa Tanga tuna historia kongwe zaidi ya hiyo. Kule Lutindi, katika milima ya Usambara upande wa Korogwe, wamisionari wa Kijerumani walijenga mwaka 1896 makazi ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 makazi hayo yakaanza kupokea wagonjwa wa akili. Hadi leo Lutindi ni hospitali ya maradhi hayo chini ya Kanisa la Kilutheri. Kwa hiyo babu zetu walichokijua ni mlima ambao mtu hupandishwa akiwa amefungwa kamba. Mtu anayepanda mwenyewe, kwa miguu yake na akili zake timamu, akazungumza saa moja kisha akarudi nyumbani kula chakula cha mchana, hawakumjua.

Hofu ya pili ni ya karibu zaidi. Maneno "ushauri nasaha" yaliingia mitaani kwetu kupitia vyumba vya kupimia virusi vya UKIMWI. Vituo vya Angaza vilianza mwaka 2001, na tarehe 14 Julai 2007 Rais Kikwete na mkewe walipima hadharani na kuzindua kampeni ya nchi nzima. Kampeni ile ilikuwa na kheri kubwa na iliokoa roho za watu. Lakini iliacha alama: kwa watu wengi, chumba chenye kibao cha ushauri nasaha ni chumba cha kupewa habari mbaya, na anayeonekana akitoka humo huanza kuhesabiwa siku zake. Mwalimu wetu alikuwa na hofu zote mbili kwa pamoja. Aliogopa aonekane mwendawazimu, na aliogopa aonekane muathirika. Juu ya zote hizo aliogopa wanafunzi wake waseme: yeye anayetuhimiza subira, yake iko wapi?

Siku ya miadi tulikaa naye kwenye benchi. Hospitali yenyewe hatutaitaja, ila tutasema kwamba aliyeliweka benchi lile hakuwafikiria wanaolikalia, kwa sababu limeelekezwa kwenye njia ambayo kila mtu hupita akienda dirisha la dawa. Haikupita robo saa, mama wa mwanafunzi wake mmoja akasimama. "Shikamoo mwalimu. Umekuja kumwona nani?" Mzee akajibu, "Nimekuja kumwona mgonjwa." Mama yule akamwombea mgonjwa huyo shifaa, akaenda zake.

Ndani alimkuta binti wa umri wa mwanawe wa mwisho. Hapakuwa na kitanda wala sindano, wala mashine. Palikuwa na meza, viti viwili na faili. "Shikamoo baba. Nikuite nani?" "Marahaba mwanangu. Niite Mwalimu." Na kabla ya kumuuliza lolote la maradhi yake, binti alimweleza masharti ya chumba kile. Tunaomba msomaji ayashike, kwa sababu ndiyo msingi wa jambo zima. Yatakayosemwa humo hayatatoka kwenda kwa mke, mume, mzazi, mwajiri wala imamu wa msikiti. Lakini siri hiyo ina mipaka, na mnasihi mwaminifu huitaja mwanzoni: akiona kwamba mtu yu karibu kujidhuru au kumdhuru mwingine, au kwamba kuna mtoto anayeteswa, au mahakama ikiamuru, hatanyamaza. Mtu akikaa mbele ya mnasihi asiyemweleza habari ya siri, na aulize mwenyewe. Hilo si ufidhuli.

Baada ya hapo ni maswali. Kikao cha kwanza aghalabu ni cha maswali, nacho huchukua dakika 45 hadi saa nzima. Nini kimekuleta? Kimeanza lini? Unalala saa ngapi, unaamka saa ngapi, na ukiamka unafanya nini? Chakula? Kazi? Nyumbani unaishi na nani? Umewahi kuugua nini, unatumia dawa gani, na je, unatumia kileo, mirungi au kitu kingine? Pengine hutolewa karatasi ya maswali mafupi. Mojawapo inayotumika duniani kote, na iliyokwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili, ina maswali 9 kuhusu hali ya mtu katika wiki mbili zilizopita, na majibu yake hujumlishwa ili kupima uzito wa sonona. Kumbuka kwamba huo si mtihani wa kufaulu au kufeli. Anayepunguza majibu kwa kuona haya anamnyima fundi kipimo cha nguo.

Swali moja humshitua kila Muislamu: je, umewahi kufikiri kujiua? Mwalimu wetu alisema aliposikia hivyo alitaka kusimama atoke. Tukamwambia, na tunawaambia wasomaji, kwamba swali hili huulizwa kila mtu, mcha Mungu na asiye mcha Mungu, kama vile kila anayefika zahanati huwekewa kipimajoto. Wataalamu wamelichunguza jambo hili na hawakuona kwamba kuuliza kunapanda wazo ambalo halikuwemo. Walichokiona ni watu waliokuwa wamelibeba wazo hilo peke yao kwa miezi kupata pa kulitua. Na wazo linalomvamia mtu bila ya kuliita si sawa na kitendo. Ajibu kweli.

Kisha mzee akasimulia kwamba huamka saa nane usiku na kunyoosha mkono upande aliokuwa akilala marehemu. Akalia. Binti hakumwambia "nyamaza baba", wala "jikaze", wala "ni kazi ya Mungu". Alisubiri. Hapa tunataka kusimama kidogo, kwa sababu sisi watu wa Pwani tuna matanga mazuri, tuna hitma, tuna majirani wanaopika siku tatu mfululizo. Lakini ikishasomwa hitma ya arobaini tunamtarajia mfiwa awe amepona, na akitoa chozi mwezi wa tano tunamtazama kama aliyekopa bila ya kulipa. Mtume wetu (S.A.W.) alimlilia mwanawe Ibrahim mbele za watu, na mwaka aliofiwa na Bi Khadija na ami yake Abu Talib umebaki katika historia kwa jina la Mwaka wa Huzuni. Ni mwaka, ndugu zetu, si siku arobaini.

Msomaji atakayetarajia kutoka kikao cha kwanza na jawabu atavunjika moyo, basi ajue mapema. Mwanasaikolojia hatoi fatwa. Hatasema mwache mumeo au rudi kwa mumeo. Hatasoma nyota, hatatabiri, hatakuandikia kombe, na kwa kawaida hataandika dawa pia. Mwenye kuandika dawa ni daktari wa magonjwa ya akili, ambaye amesomea udaktari kwanza, na wawili hawa mara nyingi hupelekeana wagonjwa. Anachokifanya mwanasaikolojia ni kukusaidia uone namna fikra, mwili na mwenendo wako vinavyovutana, kisha mkubaliane jambo dogo la kujaribu hadi mkutane tena. Mwalimu wetu alipewa mambo mawili: aandike kila siku saa aliyolala na saa aliyoamka, na baada ya swala ya Alfajiri asirudi kitandani bali atembee hadi ufukweni Raskazone na kurudi. Alinung'unika. Alisema amekwenda hospitali akaambiwa atembee, jambo ambalo hata mjukuu wake angeweza kumwambia. Tulimwelewa. Lakini matibabu haya hayako katika ukubwa wa agizo. Yako katika kulitimiza na kurudi kulizungumza. Katika njia inayotumika zaidi, ile ya kurekebisha fikra na mwenendo, vikao aghalabu hawi vichache kuliko 6 wala vingi kuliko 20. Wapo wanaojisikia vibaya zaidi baada ya kikao cha kwanza au cha pili, kama kidonda kilichofunguliwa kisafishwe. Wengi wa wanaoacha huacha hapo.

Sasa tugeukie hoja zinazosemwa vibarazani. Wapo wanaosema kwamba muumini wa kweli humshitakia Mwenyezi Mungu peke yake, na hutoa mfano wa Nabii Yaaqub (A.S.), aliyemlilia Yusuf hadi macho yake yakawa meupe, na aliposemwa na wanawe akawajibu kwamba majonzi yake anayapeleka kwa Mola wake. Mfano huo ni wa haki. Ila wanaoutoa husimama katikati ya kisa. Katika maneno yaliyofuata hapo hapo, Nabii Yaaqub aliwaamuru wanawe waende wakamtafute Yusuf na nduguye, wasikate tamaa. Moyo wake ulikuwa kwa Allah na wanawe walikuwa njiani. Hakuona mgongano baina ya mambo hayo mawili, nasi hatuuoni.

Wengine husema elimu hii ni ya Wazungu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Balkh aliyefariki mwaka 322 Hijria, sawa na 934 Miladia, aliandika kitabu kuhusu maslahi ya miili na nafsi, akawalaumu matabibu wa zama zake kwa kuushughulikia mwili na kuiacha nafsi. Aliigawa huzuni sehemu mbili, yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa, na isiyo na sababu inayojulikana, ambayo aliihusisha na mwili na kuitafutia dawa za mwili. Mgawanyo huo ungeeleweka katika kliniki yoyote ya leo. Na mjini Cairo, hospitali aliyoijenga Sultani Qalawun mwaka 1284 ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Mwanamke wa Pwani ana somo wake, ambaye humwambia asiyoweza kumwambia mama yake mzazi. Zimbabwe wamejenga juu ya desturi kama hiyo: tangu mwaka 2006, Dakta Dixon Chibanda aliwafundisha mabibi wa mitaani kukaa kwenye mabenchi nje ya zahanati za Harare na kuwasikiliza watu wenye mawazo mengi. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 kwa watu 573 ulionesha kwamba waliokaa na mabibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Yako maswali mawili ya kisharia ambayo tumeulizwa mara nyingi, hasa na kina mama. La kwanza: kumweleza mgeni aibu za mume wangu, si kusengenya? Wanazuoni walilishughulikia hili zamani. Imamu Nawawi amehesabu hali sita ambazo inafaa kumtaja mtu kwa jambo asilolipenda, na miongoni mwake ni mwenye kudhulumiwa anapopeleka malalamiko yake na mwenye kutafuta msaada wa kuondoa ovu. Hind binti Utba alimlalamikia Mtume (S.A.W.) kuhusu ubahili wa mumewe, Abu Sufyan, naye hakumkemea. Kwa hiyo sema linalohitajika kwa tiba, na lisilohitajika liache. Kadhalika dhambi ambayo Allah amekusitiria hulazimiki kuifichua kwa undani wake. Inatosha kusema kwamba liko jambo linalokuelemea.

La pili ni faragha ya mwanamume na mwanamke. Mwalimu wetu alilisema wazi, na binti yule hakukasirika wala kushangaa. Aliuacha mlango umerudishwa bila kufungwa, na muuguzi akakaa chumba cha mbele. Mwanamke anayetaka mnasihi wa kike aombe. Pengine hatapatikana siku hiyo, lakini kuomba ni haki yake. Kinachotusikitisha ni watu kuitumia hoja hii kuwazuia wake na mabinti zao wasiende kabisa, ilhali watu hao hao huwapeleka usiku kwa mganga na kuwaacha naye chumbani peke yao wakifukizwa ubani.

Na hapa hatuwezi kumumunya maneno. Kusomewa Qur'ani ni jambo lililothibiti, na hatumzuii mtu. Lakini zipo nyumba katika pwani yetu hii ambamo msichana mwenye sonona baada ya kujifungua hupigwa fimbo ili jini atoke, na akinyamaza kwa maumivu husemwa kwamba jini ametoka. Huo ni udhalimu. Shekhe mwenye elimu husoma, kisha huuliza: mgonjwa huyu amepelekwa hospitali? Chukua mfano wa mtu wa wasiwasi, yule anayerudia udhu mara kumi hadi jamaa inamalizika. Ibn Qudama aliwaandikia watu wa namna hii kitabu kizima cha kuwakemea wasiwasi wao, na fatwa ya kwamba osho moja linatosha inajulikana. Lakini mgonjwa huyu anaijua fatwa hiyo kwa moyo, na bado mkono wake unarudi bombani. Mwanasaikolojia atamzoesha, hatua kwa hatua, kubaki na ile hofu bila ya kurudia kuosha, hadi hofu yenyewe ichoke. Na atamhitaji shekhe amthibitishie mgonjwa kwamba udhu wake ni sahihi. Hakuna fani moja kati ya hizi mbili inayotosha peke yake kwa mtu huyu.

Tusifiche upungufu pia. Chuo Kikuu cha Muhimbili kinasomesha shahada ya uzamili ya saikolojia tiba, lakini wahitimu ni wachache na Dar es Salaam huwameza wengi wao. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, ina kitengo cha afya ya akili. Mtu wa Kipumbwi au Moa ni lazima ahesabu nauli kabla ya kuhesabu vikao. Wilayani aghalabu utakutana na muuguzi wa afya ya akili au ofisa wa ustawi wa jamii, na usimdharau. Anayekwenda kwa mtu binafsi amuulize bila ya haya amesomea wapi na vikao ni bei gani, kwa sababu siku hizi kila mwenye ulimi mtamu anajiita mshauri. Na kama umekwenda mara mbili tatu na moyo haukutulia kwa mnasihi huyo, omba mwingine.

Kwa wakuu wa hospitali tuna ombi dogo lisilohitaji bajeti: ligeuzeni lile benchi.

Mwalimu wetu amekwenda mara tatu. Usingizi umerudi kwa saa nne, mara nyingine tano. Bado huamka saa nane, ila sasa hukaa akasoma nyiradi zake hadi Alfajiri badala ya kutazama dari. Swala ya Isha ya juzi aliwaswalisha watoto wa madrasa, wanane, barazani kwake. Miadi ya nne ilipangwa Ijumaa saa sita na nusu mchana. Alimwambia binti yule kwamba saa hiyo haiwezekani, naye akamwandikia saa tatu asubuhi.